Mawese Katika Tangi la Mazutu

Mume wangu alikuwa shoferi wa kamyo, lori la mizigo, na nyumba yetu pale Masisi ilinuka mazutu tangu mlangoni hadi kwenye mto wa kitanda. Mazutu ndilo jina la dizeli huku kwetu. Nilifua mashati yake mpaka vidole vikachubuka, na harufu haikutoka. Mama yangu, mkulima wa maharage ambaye hakupenda kitu chochote chenye magurudumu, alipotutembelea alifungua dirisha kwanza ndipo akasalimu. Nilimwambia kwamba harufu ile ndiyo iliyotuvisha. Nilikuwa kijana bado, na majibu sikukosa.

Mke wa shoferi hujua njia ya mazutu kama mke wa mvuvi wa Bweremana anavyojua njia ya samaki. Yalitoka ardhini kwa watu wengine, ng'ambo ya bahari, yakiwa meusi na machafu. Yalisafishwa huko huko, yakashushwa Mombasa, yakapanda treni hadi Uganda, yakaingia kwenye makamyo hadi mpaka wetu, halafu Goma, halafu Sake, ndipo yakaanza kupanda milima kuja kwetu ndani ya mapipa. Cha kwetu katika safari yote hiyo kilikuwa barabara mbovu tu. Nchi yetu nayo ilikuwa na mafuta yake, mawese, mekundu na mazuri. Hayo yalishuka mtoni kuelekea magharibi, yakapakiwa melini, yakaenda Ulaya kuwa sabuni. Mume wangu alinieleza mambo haya siku moja akiwa amelala chini ya kamyo, miguu tu ikionekana.

"Sisi tunatuma mawese, bale banatutumia mazutu," alisema. "Njo biashara ya inchi."

Nilimwuliza tutawatumia nini siku watakapochoka na mawese yetu. Miguu iliomba spana.

Miaka ya kwanza baada ya uhuru, mapipa yalijipanga bado nyuma ya maduka. Halafu safu ikawa fupi. Mara mpaka umefungwa, mara umefunguliwa, mara basoda, yaani askari wa jeshi, wamechukua shehena yote Mubambiro kabla haijafika kwa mtu yeyote. Wenye mashamba ya michikichi huko chini mtoni walikimbia vita, majani yakameza michikichi, na meli zikaondoka na mawese machache kuliko zamani. Nchi isiyouza hainunui, hilo hata mwenye kibanda cha chumvi analijua. Mwishoni mapipa yaliyobaki Masisi yalikuwa matupu, na watu waliyatumia kukingia maji ya mvua. Mafuta ya taa, ambayo sisi huyaita petroli, tuliyanunua kwa chupa, kisha kwa mkebe wa tomati, kisha tukaacha kuyanunua. Tulikula jioni mapema na kulala na giza, Wakristo na wasio Wakristo.

Redio, hata hivyo, ilikuwa na habari njema kila mara. Serikali ingejenga mtambo mkubwa kando ya bahari, kule nchi inakoishia, ili mafuta machafu yaletwe na kusafishwa hapa hapa kwetu. Mume wangu na rafiki zake walisikiliza habari hiyo sebuleni kwangu kana kwamba mtambo unajengwa Sake. Mmoja alisema mazutu yatakuwa mengi kuliko maji. Niliwaambia kwamba kutoka bahari ile hadi Masisi ni mbali kuliko kutoka Mombasa, na kwamba hata mbuzi wangu angeweza kuwaonyesha hilo kwenye karata ya shule, ile ramani ya ukutani. Walicheka, wakaomba chai. Nilikasirika, maana sukari nayo ilikuwa imeisha.

Wakati huo dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama wote huku kwetu, aliishi Mubi, kule msituni Walikale. Aliolewa na karani wa depo ya machimbo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maringo ya kupendeza, aliyevaa viatu hata kwenda kisimani. Kitu kimoja kilimkataa: mtoto. Alikuwa amezaa wawili, na wote wawili walikufa wakiwa wanatoka. Mara ya pili masista wa hospitali ya Masisi walimwambia wazi kwamba nyonga zake ni nyembamba, na kwamba mimba nyingine isizaliwe nyumbani. Lazima azalie hospitalini, mbele ya munganga, daktari mwenye kisu. Kisha mwaka mmoja, katikati ya miaka hiyo ya sitini, shoferi mmoja akapita kwangu na ujumbe kutoka Mubi: yaya ana mimba tena, imekomaa, twende tukamchukue.

Mume wangu alikuwa na mzigo wa maharage na viazi wa kupeleka huko. Tulikuwa na mazutu ya kwenda. Ya kurudi tuliahidiwa na machimbo. Nikapanda mbele pamoja naye, nikiwa nimebeba blanketi mbili na nguo ndogo za mtoto ambazo mama alizishona huku akinung'unika juu ya magurudumu.

Mubi kulikuwa na joto la kukaba shingo. Tulimkuta yaya amekaa barazani, miguu imevimba, viatu amevivaa vile vile. Alinipapasa uso na kusema nimekonda, hakika shoferi ananilisha mazutu. Tulicheka mpaka akashika tumbo. Jioni mumewe akaja kutoka depo, naye hakucheka. Mapipa yalikuwa yameisha. Yaliyobaki yaliwekewa mashini za kuvuta maji mgodini, na mkubwa wake alikataa kutoa hata ndoo moja.

"Sasa tunarudi na nini, shemeki?" mume wangu aliuliza.

"Fanya kama bengine," karani alimjibu. "Huku bote banachanganya mawese."

Ilikuwa kweli. Mashoferi wa msituni walikuwa wamechoka kungoja mazutu ya ng'ambo, nao wanaishi katikati ya michikichi. Waliyapasha mawese motoni, wakayachuja kwa kitambaa, wakayamimina tangini pamoja na mazutu kidogo waliyonayo, na makamyo yao yalitembea. Mume wangu aliwatazama siku nzima. Alichungulia mota, yaani injini zao, akanusa, akauliza maswali. Kisha akanunua mawese, na asubuhi iliyofuata akapiga mota. Ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri, na moshi wake ukanuka mandazi. Watoto wa jirani walikimbia nyuma ya kamyo wakimeza mate.

"Mutoto wangu atazaliwa na njaa," yaya alisema, akapanda kwa taabu akakaa kati yetu.

Sijawahi kumwona mume wangu na furaha ile. Njia yote hadi Walikale aliimba. Alisema serikali na mtambo wake ikae kule kule, sisi tumeshapata mafuta yetu wenyewe, yanaota juu ya miti, hayana mpaka wala basoda. Nami, ambaye nina ulimi wa kupinga kila kitu, sikupinga. Tulilala Walikale kwa watu wa kanisa, na asubuhi tukaanza kupanda.

Barabara ya Walikale kwenda Masisi huacha joto nyuma taratibu. Unatoka msituni ukiwa umefungua vifungo, unafunga kimoja, unafunga cha pili, halafu unatafuta blanketi. Alasiri, tulipokaribia Nyabiondo, mvua ilikuwa imenyesha na ukungu ulikuwa umelala barabarani. Hapo tulikuta bariyeri: mti umelazwa katikati ya njia, basoda wanaota moto pembeni. Walituamuru kuzima mota. Mume wangu aliwaomba aiache iwake, kwa sababu ya mgonjwa. Soda mmoja akaingiza mkono dirishani, akaizima mwenyewe.

Walipekua vitu vyote. Hawakuwa na haraka, maana siku ile hatukuona kamyo nyingine. Walipokuta hatuna kitu, waliuliza mazutu. Wakafungua tangi, wakachomeka kijiti, wakakinusa, na wakacheka kweli kweli, wakaitana waje kunusa kamyo inayokula mawese. Kicheko hicho ndicho kilichotuokoa nao. Waliondoa mti njiani, wakatuambia twende.

Mota haikuwaka. Mume wangu alijaribu tena na tena mpaka betri ikaanza kulalamika. Basoda walisukuma kamyo kwenye mteremko mdogo, ikakohoa, ikanyamaza. Hapo yaya aliniminya mkono, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Imeanza," alisema.

Mume wangu alishuka, akafungua filta ya mafuta. Nilisimama nyuma yake, kwa hiyo niliona alichokiona. Ndani yake kulijaa kitu kizito cha rangi ya machungwa, kimeganda. Nilikijua. Kila mwanamke wa Masisi anakijua. Kwetu, kwa baridi ile, mawese hulala yameganda ndani ya chupa, na kila asubuhi tunaiweka chupa kando ya jiwe la jiko mpaka yakubali kutoka. Mume wangu alikuwa ameniona nikifanya hivyo tangu tuoane, na kabla yangu alimwona mama yake. Lakini yale yalikuwa mambo ya jikoni. Tangi lilikuwa mambo ya kamyo. Kati ya mashoferi wote, mtu wa mlimani ndiye aliyesahau kwamba mlimani kuna baridi. Na mimi niliyeketi juu ya tangi hilo hilo nilikuwa nikiwaza majina ya mtoto.

Nilimtukana. Sitayaandika maneno niliyotumia, ila basoda walitazama pembeni. Yeye alichukua bati, akaomba makaa yao, akaanza kukoka moto chini ya tangi na kando ya bomba, akipeperusha kwa kofia yake.

Watu wa kilima kilicho jirani walisikia, wakaja. Wanawake walimchukua yaya wakamwingiza kwenye nyumba ya kwanza, wakamkanda, wakamfunika. Mama mmoja mzalishaji, mkunga wa kilima kile, alimpima kwa mikono, kisha akatoka nje kuniambia mimi. Alisema mtoto yuko hai na anapiga teke, lakini njia haimtoshi. Kwa munganga, na upesi. Wanaume walikuwa wameshaelewa bila kuambiwa. Walikuja na tipoy, ile machela ya mianzi ambayo kwetu mgonjwa hulazwa juu yake na wanaume wakaibeba mabegani wakipokezana, kilima hadi kilima. Wakati wa babu zetu wote waliobahatika kufika hospitalini walifika hivyo. Hadi Masisi, waliniambia, tungefika kabla ya usiku kukomaa.

Yaya alikataa. Ni lazima mtu aelewe tipoy ni nini huku kwetu. Inapopita, watu husimama kando ya njia na kunyamaza, wanaume huvua kofia, kwa sababu mara nyingi aliye juu yake anarudi amefunikwa uso. Yaya alikuwa mke wa karani, alikuja na kamyo, na watoto wawili wameshamfia.

"Mimi siko maiti," alisema. "Nitaenda na kamyo."

Na mume wangu, akiwa amepiga magoti mbele ya makaa yake, uso mweusi kwa masizi, alisema maneno ambayo yalimtosha yaya kuyashika.

"Inawaka sasa hivi, yaya. Ngoja kidogo tu."

Na kweli iliwaka. Tukamtoa yaya mbio, tukampandisha, tukatembea mpaka kona ya pili, ikazimika. Tukawasha moto tena. Mvua ikarudi ikauzima. Ikawaka mara nyingine, ikazimika pale pale. Wale wanaume wa kilima na yule mama mzalishaji walitufuata nyuma na tipoy tupu, wakachuchumaa kando ya njia. Mimi nilisema tumbebe. Nilisema kwa upole, nilisema kwa ukali. Yaya alinishika kwenye nguo na kunisihi nimwache, kamyo itawaka, shemeki amesema itawaka. Usiku ule nitaupita, kwa sababu sina cha kuwaambia watu juu yake ila kwamba ulikuwa mrefu.

Alfajiri yaya hakuwa tena na nguvu ya kukataa. Yule mama mzalishaji alimgusa tumbo, akakaa na mkono wake pale kwa muda, kisha akautoa na kuwaita wanaume. Walimlaza kwenye tipoy, wakamfunga blanketi zetu mbili, wakaondoka karibu wakikimbia. Nilikimbia nao. Viatu vyake nilivibeba mimi. Kila tulipopita watu wakienda mashambani walisimama, wakanyamaza, wanaume wakavua kofia, na yaya alifumba macho ili asiwaone.

Jua lilitoka tukiwa njiani, jua safi la baada ya mvua, likapanda likapasha migongo yetu. Tulipofika kwenye mpando wa mwisho, mabati ya hospitali yakionekana, nilisikia mota nyuma yetu. Ilikuwa kamyo yetu. Ilikuja kwa nguvu, bila kukohoa, ikinuka mandazi. Jua lilikuwa limeyayeyusha mawese yote tangini, lenyewe, bure. Mume wangu alisimamisha akaruka chini, akaanza kusema wampandishe, wampandishe upesi. Wabebaji hawakupunguza mwendo. Walipita kando yake, naye akabaki barabarani na mlango wa kamyo wazi.

Munganga alifanya kazi yake vizuri, simlaumu. Alimtoa mtoto kwa kisu. Alikuwa mvulana mkubwa, mwenye nywele, aliyekamilika kila kidole, na alikuwa amekufa tangu saa za alfajiri. Ili kumwokoa mama, munganga aliondoa na kizazi. Sista ndiye aliyetuambia, kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili, kana kwamba kwa Kiswahili ingekuwa nyepesi. Nilimvalisha mtoto nguo alizoshona mama yangu. Zilimtosha.

Karani wa Mubi alikuja mara moja tu, akakaa kitini kwangu amevaa tai, akasema maneno mazuri. Kabla ya mavuno yaliyofuata tulisikia ameoa mwanamke mwingine, na ukoo wake haukuona aibu, maana kwa watu wengi mke asiye na kizazi ni shamba lisilo na udongo. Yaya akabaki kwetu. Tulimpa chumba cha nyuma. Alilima pamoja nami, alisali, alisuka mikeka, na viatu aliviacha chini ya kitanda. Mume wangu alimheshimu kama mama yake mzazi. Alimletea chumvi, alimletea kitenge, kila safari kitu. Juu ya barabara ile hawakusema hata neno moja, wala yeye wala yaya, kwa miaka. Mimi nilikuwa na hasira ya kututosha sote watatu. Nilikasirikia mpaka, basoda, redio, machimbo yaliyonyima ndoo moja. Halafu hasira ilizunguka kijiji kizima ikarudi kwangu bila kupata mtu wa kumkalia.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni redio iliposema kwamba mtambo wa kando ya bahari sasa umewaka. Meli zinaleta mafuta machafu, nchi inayasafisha yenyewe. Zamani mume wangu angeita rafiki zake. Siku hiyo alisikiliza peke yake, mikono magotini. Huku kwetu mapipa yalikuwa yameanza kuonekana tena, machache, na yalitoka kule kule yalikotoka siku zote, Mombasa na Uganda. Yaya alikuwa chini mkekani, akichambua maharage.

"Shemeki," alisema bila kuinua macho, "ile mazutu ya kule, nayo inagandaka mu baridi?"

Mume wangu alizima redio.

"Hapana, yaya. Mazutu ya kweli haigandake huku."

"Basi siku ile tulikosa tu mazutu ya kweli."

"Njo vile."

Aliendelea kuchambua. Aliondoa jiwe, akalitupa nje ya mlango.

"Lakini balileta tipoy," alisema. "Balikuwa pale, na mikono yabo. Mimi njo nilikataa."

"Ulikataa juu mimi nilikuambia ngoja," mume wangu alisema. Alijifunika uso kwa mikono ile iliyonuka mazutu, akalia mbele yetu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Yaya alimwacha alie. Alipomaliza maharage aliyaosha, akaniambia nipulize moto, maana jua lilikuwa linatua na wanaume wa nyumba hii walikuwa hawajala tangu asubuhi. Mwanaume aliye hai alikuwa mmoja tu. Wala mimi wala mume wangu hatukumsahihisha.